Memori ya paketi ni ya nani? Kuhusu matundu ya kerneli upande wa mtandao

Nimelifupisha swali la msomaji. Anaendesha seva chache za Linux, na anasema haupiti muda mrefu bila kupata taarifa ya apdeti ya kerneli, kile kiini cha mfumo wa uendeshaji, kwamba kuna tundu la usalama upande wa mtandao, mara memori imetumika baada ya kuachiwa, mara imeachiwa mara mbili, na mwishoni wanaandika kwamba mtu aliye ndani ya mashine anaweza kupanda mpaka akawa ruti, mwenye mamlaka yote ya mashine. Anauliza kwa nini iwe mtandao kila siku, kosa dogo hivyo la memori linageukaje kuwa ruti, na je, kama seva zake hazina akaunti ya mtu mwingine yeyote na faiwoli imefunga kila kitu isipokuwa poti mbili, bado kuna haja ya kuhangaika?

Ndugu, nianze na hilo la mwisho maana ndo lenye haraka. Haja ipo, tena kubwa, weka apdeti na uiwashe mashine upya, halafu rudi usome yaliyobaki, sababu nitaieleza mbele kidogo maana haieleweki vizuri kabla hujajua paketi inaishije ndani ya kerneli.

Kwenye Linux kila paketi inabebwa na kitu kinaitwa sk_buff, wenyewe wanaita skb tu. Ile skb yenyewe haina data ndani yake, ina pointa, yaani anwani za mahali kwenye memori: head inaonyesha bafa, lile eneo la memori lenye data, inapoanzia, data inaonyesha yaliyomo yanapoanzia kwa wakati huo, tail yanapoishia, na end bafa inapokoma. Paketi ikipanda kutoka kwenye kadi ya mtandao kwenda IP kwenda TCP hainakiliwi, kunakili ni kupoteza muda na mashine inapokea paketi laki kadhaa kwa sekunde, kwa hiyo kinachofanyika ni kusogeza pointa ya data mbele kila heda moja (maelezo ya mwanzoni mwa paketi) ikishasomwa. Na ikitokea watu wawili wanaitaka paketi ileile, tuseme soketi yenyewe, ile ncha ya muunganisho inayotumiwa na programu, na programu ya kunasa trafiki, kerneli inatengeneza skb ya pili ndogo inayoonyesha bafa ileile ya mwanzo. Sasa hapo tayari una hesabu mbili za kutunza, moja inaitwa users, inahesabu ni wangapi wameishika ile skb, nyingine inaitwa dataref, inahesabu skb ngapi zinategemea ile bafa. Hesabu ikifika sifuri memori inarudishwa. Ikirudishwa mapema kuna mtu bado anaitumia, isiporudishwa inavuja, ikirudishwa mara mbili ndo balaa lenyewe.

Na skb moja inapita mikono mingi kweli, draiva, faiwoli, rauting, soketi, foleni ya kusubiri, taima, na kila mmoja ana haki ya kuitupa au kuishika kwa baadaye, na lugha ya C haina mahali popote pa kuandika kwamba kuanzia mstari huu paketi ni ya fulani. Hayo makubaliano yako kwenye vichwa vya madevelopa na kwenye maelezo ya pembeni. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na hapa manahodha wenyewe wameandika vipande vyao kwa miaka tofauti, wengine hawajawahi hata kuongea. Kwangu mimi hili ndo jibu la kwa nini mtandao, zaidi ya ile sababu inayotajwa sana kwamba data inatoka kwa watu tusiowajua. Hiyo nayo ni kweli lakini inaeleza nusu tu.

Chukua mfano wa DCCP, hii ni protokali ambayo watu wengi hawajawahi kuitumia hata siku moja. Iliingia kwenye Linux 2005. Februari 2017 Andrey Konovalov akatangaza tundu lake, CVE-2017-6074 (CVE ni namba ya utambulisho ya tundu), alilipata kwa syzkaller, ile programu inayoirushia kerneli maombi ya ajabuajabu mpaka ianguke. Ilikuwa hivi: ombi la kuanzisha muunganisho likifika, fanksheni moja inalishughulikia, halafu fanksheni iliyoiita inaifuta skb kwa nguvu, haiangalii hesabu ya walioishika. Kawaida hakuna shida. Ila kama soketi ni ya IPv6 na mwenye soketi ameomba apewe taarifa za paketi, ile fanksheni ya kwanza inaihifadhi anwani ya skb pembeni na kuongeza hesabu kwa moja, yaani inasema wazi kabisa bado naihitaji hii. Aliyeiita hasikii, anaifuta. Miaka kumi na zaidi hivyo hivyo, na mistari yote miwili ukiisoma kila mmoja peke yake iko sawa, hakuna mwalimu angeweka alama ya kosa. Kiraka chake kilikuwa kuacha ile njia ya kufuta kwa nguvu na kuita consume_skb, ambayo inapunguza hesabu kwanza na inafuta pale tu mshikaji wa mwisho akiachia. Ni mabadiliko ya mistari michache.

Sasa kosa hilo linageukaje kuwa ruti. Fikiria umehifadhi namba ya simu ya rafiki yako, yeye akaacha kuitumia, laini ikafungwa, kampuni ikampa mtu mwingine namba ileile. Wewe hujui, kwenye simu yako bado jina ni la rafiki, unaandika meseji ya siri unatuma, na anayeisoma ni mgeni, na akikujibu utaamini ni rafiki anaongea. Pointa iliyobaki baada ya memori kuachiwa ndo hiyo namba. Tofauti ni kwamba kwenye simu namba inaangukia mtu yeyote kwa bahati, kwenye kerneli mshambuliaji anaweza kuiomba kwa makusudi. Memori ya kerneli inagawiwa kwa vipande vya saizi maalum, na kipande kilichoachiwa sasa hivi mara nyingi ndo kinachotolewa kwa anayefuata kuomba saizi hiyo, kwa sababu bado kiko kwenye kashe ya prosesa na ni cha haraka. Kwa hiyo mshambuliaji anasababisha kipande kiachiwe, halafu haraka anaiomba kerneli vitu vingi vya saizi ileile ambavyo yaliyomo anayaamua yeye, mfano meseji za foleni baina ya prosesi (programu zinazotembea), mpaka kimoja kikae pale pale. Kuanzia hapo kerneli inasoma maneno ya mshambuliaji ikidhani ni skb yake.

Na skb ina kitu kinachowavutia sana. Mwisho wa bafa ya data, baada tu ya nafasi ya yaliyomo ya paketi, kunakaa skb_shared_info, na ndani yake kuna pointa ambayo inaweza kuelekea kwenye anwani ya fanksheni ya kuitwa paketi inapofutwa. Ukiweza kuandika pale, unaiambia kerneli iruke wapi. Huo mpangilio wa kuweka taarifa za utawala bega kwa bega na data iliyotoka nje ulifanywa kwa ajili ya spidi, naelewa kwa nini, lakini kila nikiuangalia naona gharama yake.

Hata baiti mbili zinatosha, na hapa watu wengi wanadharau. CVE-2021-22555 ilikuwa kwenye Netfilter, ile sehemu ya kerneli inayobeba faiwoli, imekaa tangu 2006, ikagunduliwa na Andy Nguyen miaka 15 baadaye. Kerneli ya biti 64 ilipopokea sheria za faiwoli kutoka programu ya biti 32 ilikuwa inajaza sifuri kwenye nafasi ya kulinganisha saizi, na ikawa inaandika sifuri chache nje ya mpaka. Sifuri tu, huchagui hata thamani. Yeye akapanga memori vizuri ili baiti mbili za sifuri ziangukie mwanzo wa pointa ndani ya meseji ya foleni, pointa ikasogea ikaelekea kwenye meseji ya mtu mwingine, sasa meseji moja inaonyeshwa na wawili, ukiifuta kupitia mmoja yule wa pili bado anaishika. Unaona? Kosa la kuvuka mpaka limegeuzwa kuwa kosa la kutumia kilichoachiwa, halafu likaenda mpaka ruti na mpaka kutoka nje ya kontena, ule uzio wa kutenga programu ndani ya mashine. Kwa hiyo ukisoma taarifa imeandikwa baiti chache zinaandikwa nje ya bafa usiseme ni kidogo.

Lile ambalo inawezekana kabisa ndo umeliona kwenye taarifa zako ni CVE-2024-1086, hili nataka nikae nalo kidogo kwa sababu linaonyesha jinsi hesabu ya kawaida inavyoweza kuharibu umiliki wa memori. Iko kwenye nf_tables, kipande cha Netfilter kinachoendesha sheria za faiwoli. Sheria ya faiwoli inatoa hukumu kama namba, 0 maana yake tupa, 1 maana yake pitisha, na biti za juu za namba hiyohiyo zinaweza kubeba namba ya kosa la kumrudishia aliyetuma. Kerneli haikukagua vizuri hizo biti za juu, mtu akaweza kuweka hukumu ya tupa yenye namba ya kosa ambayo ikigeuzwa alama inatoka 1. Kwa hiyo ile fanksheni inaona ni tupa, inaifuta paketi, halafu inarudisha 1 kwa aliyeiita, na huyo anasoma 1 kama pitisha, anaendelea na paketi kana kwamba ipo hai, na mwisho wa safari inafutwa tena. Mara mbili. Kiraka kilitoka Januari 2024, eksploiti, yaani programu ya kulitumia tundu, ikawekwa hadharani Machi, na tarehe 30 Mei mwaka huohuo wakala wa usalama wa mitandao wa Marekani, CISA, wakaliingiza kwenye orodha yao ya matundu yanayotumika kweli kushambulia watu. Wapo walioweka apdeti Februari wakalala, na wapo waliosema hii ni ya mtu wa ndani haituhusu.

Na hapo ndo narudi kwenye swali lako la akaunti. Neno mtu wa ndani kwenye hizo taarifa halimaanishi binadamu mwenye jina na paswedi, linamaanisha prosesi yoyote inayoweza kuiomba kerneli kitu. Websaiti yako inaendeshwa na prosesi yenye akaunti yake, siku programu ya websaiti ikiwa na tundu mtu akapata kuendesha amri kupitia hiyo, tayari yupo ndani, ana haki ndogo sana, na tundu la kerneli ndo ngazi ya kumtoa hapo kumpeleka juu. Faiwoli yako haikusaidii maana ameingia kupitia poti uliyoifungua mwenyewe kwa nia njema. Na ukiwa na kontena ujue zote zinatumia kerneli moja, tundu la kerneli haliheshimu kuta za kontena.

Utajiuliza, lakini mtu wa haki ndogo anawezaje kuigusa faiwoli, si lazima uwe ruti kubadilisha sheria zake? Zamani ilikuwa hivyo. Tangu Linux 3.8 ya 2013 mtumiaji wa kawaida anaweza kujitengenezea eneo lake ambalo ndani yake yeye ndo ruti, linaitwa user namespace, na humo anaruhusiwa kuwa na mtandao wake na sheria zake za faiwoli. Ni kitu kizuri, kontena zisizohitaji ruti zinakitegemea na baadhi ya brauza zinakitumia kujilinda, lakini kilifungua kwa watu wote msimbo mwingi sana ulioandikwa kwa kudhani anayeuita ni ruti ambaye hana sababu ya kujihujumu. Sehemu kubwa ya haya matundu ya nf_tables yanapitia mlango huo.

Nisikuache ukadhani yote ni ya ndani tu. Kuna yanayogongwa kutoka mbali na mengi yake ni ya hesabu za urefu. La kale kabisa ni ping ya kifo ya miaka ya 1996 na 1997: paketi ya IP haipaswi kuzidi baiti 65,535, lakini kipande cha mwisho kinaweza kudai kinaanzia baiti ya 65,528, weka juu yake baiti mia kadhaa na ukiunganisha vipande unavuka mpaka wa bafa, na mashine za aina nyingi zilianguka. Ungedhani tulijifunza pale. Juni 2019 Jonathan Looney wa Netflix akaonyesha kosa la ukoo uleule ndani ya TCP ya Linux, CVE-2019-11477, skb moja inabeba vipande 17 vya kilobaiti 32 kila kimoja, mshambuliaji anajitangaza kwamba anapokea sehemu ndogo kabisa ambazo zinabaki na baiti 8 tu za data, ukigawanya unapata sehemu 69,632 na kihesabio ni cha biti 16, mwisho wake 65,535, kinafurika na kerneli inasimama. Mashine inaangushwa kutoka mbali bila kuingia popote. Na Windows nao, lile tundu la SMB, protokali ya kushirikiana mafaili, lililoibeba WannaCry, programu hasidi iliyofunga mafaili ya watu na kudai fidia, mwezi Mei 2017, ndani yake kulikuwa na urefu wa biti 32 ambao wakati wa kusahihishwa walisahihisha biti 16 za chini tu, za juu zikabaki na uchafu wa zamani, bafa ikahesabiwa ndogo kuliko data. Apple vilevile, 2018 Kevin Backhouse alionyesha kwamba mtu mliye naye kwenye Wi-Fi moja anaweza kuiangusha simu au kompyuta yako kwa paketi moja, bafa ilifurika wakati kerneli inaandaa ujumbe wa kosa wa ICMP. Kwa hiyo anayekwambia hamia mfumo mwingine utapona usimsikilize sana.

Kuna kundi la tatu, la kuwahiana, nalipitia haraka kwa sababu linahitaji makala yake. Thredi mbili, yaani kazi mbili zinazotembea kwa wakati mmoja, zinagusa soketi moja, moja inabadilisha mpangilio wakati nyingine ipo katikati ya kuutumia. CVE-2016-8655 ilikuwa hivyo, mtu anabadilisha toleo la bafa ya kunasia paketi wakati bafa inatengenezwa, kerneli ikija kufunga inaangalia toleo jipya, inadhani hakukuwa na taima, inaifuta soketi na taima yake bado inadunda. Kosa la 2011, limeonekana 2016. Haya hayaonekani kwa kusoma msimbo kwa macho maana kila thredi ukiifuata peke yake iko safi.

Kuvuja nako usikudharau, japo hakumpi mtu ruti. Niliwahi kukaa siku tatu na mashine ambayo memori ilikuwa inapungua kidogo kidogo, prosesi zote ukizijumlisha hazifiki nusu ya kilichotumika, nikaja kufungua slabtop, programu inayoonyesha memori ya kerneli imetumika wapi, nikaona skbuff_head_cache, ghala la skb, inapanda tu haishuki. Ilikuwa draiva ya nje, kwenye njia ya kosa wanarudi bila kuita kfree_skb, ile fanksheni ya kuiachia skb. Mtu akijua hivyo anakutumia paketi mbovu usiku kucha na asubuhi seva imelala. Kwa hiyo kama unaona memori inaisha na hujui inaenda wapi, anza na slabtop.

Kuna hatua zimepigwa na nazishukuru. KASAN, ambayo iliingia Linux 4.0 mwaka 2015, inatenga baiti moja ya ukaguzi kwa kila baiti nane za memori na inapiga kelele papo hapo kitu kilichoachiwa kikiguswa, ikifanya kazi pamoja na syzkaller ndo matundu mengi yanapatikana kabla ya wabaya, na kwa maoni yangu wingi wa taarifa unazopata unatokana na hilo zaidi ya kuharibika kwa kerneli. Hesabu nyingi za walioshika zimehamishiwa kwenye aina inayoitwa refcount_t, ambayo ikifika mwisho inagoma kuzunguka kurudi sifuri. Rust imeingia kwenye Linux 6.1, Desemba 2022, na yenyewe inalazimisha umiliki uandikwe na kompaila inaukagua, yaani ndo dawa ya ugonjwa wenyewe, ila TCP, IP na Netfilter bado ni C na zitabaki C kwa muda mrefu.

Kwa seva zako sasa. Kwanza jua kwamba kusakinisha kerneli mpya hakubadilishi ile inayotembea, watu wengi wanapita hapa bila kugundua, andika uname -r ulinganishe na ulichosakinisha, kama ni tofauti bado unaendesha ya zamani hata kama sistimu inakwambia kila kitu kiko sawa. Kama huwezi kuwasha upya mara kwa mara tafuta usambazaji wa Linux wenye viraka vinavyowekwa kerneli ikiwa inatembea. Pili, kama huna kontena zisizo na ruti na hufungui brauza kwenye seva, weka user.max_user_namespaces iwe 0 kwenye sysctl, mipangilio ya kerneli, hii inafunga ule mlango niliousema na inaondoa sehemu kubwa ya mashambulizi ya nf_tables kwa mpigo mmoja. Jaribu kwenye mashine moja kwanza maana baadhi ya huduma zinaitumia kimyakimya. Tatu, zuia protokali usizozitumia, dccp, sctp, tipc, rds, kwa sababu mara nyingi kerneli inazipakia yenyewe pale mtu yeyote anapofungua soketi ya aina hiyo, hahitaji kukuomba. DCCP yenyewe imeshaondolewa kabisa kwenye kerneli za karibuni, ila matoleo ya zamani yanayotunzwa kwa muda mrefu bado yanayo. Unaandika faili ndani ya /etc/modprobe.d yenye mstari install dccp /bin/false, na vivyo hivyo kwa nyingine. Kabla hujafanya hivyo angalia lsmod, amri inayoorodhesha moduli zilizopakiwa, ukikuta mojawapo tayari imepakiwa kuna programu inaihitaji, ijue ni ipi kwanza. Na kama hakuna programu unayoijua inayoihitaji, hiyo seva niandikie tuiangalie pamoja kabla hujaizima.